Mkonge wa Korogwe: Bei ya Ng'ambo na Watu wa Kambini

Tunapozungumzia uchumi tegemezi, wanafunzi wetu hupenda kutaja mafuta ya nchi za Ghuba au shaba ya Zambia. Mifano hiyo ni sahihi, lakini mkazi wa Old Korogwe hana haja ya kwenda mbali. Madini ya Korogwe yalikuwa mkonge. Wilaya hii ilipanda na kushuka kwa bei ya singa kama vile miji ya Copperbelt ilivyopanda na kushuka kwa bei ya shaba.

Mkonge si mmea wa hapa. Mwaka 1893 Mjerumani Richard Hindorf aliagiza miche 1,000 kutoka Florida, ikasalimika 62 tu, ikapandwa Kikogwe karibu na Pangani. Reli kutoka Tanga ilifika Korogwe mwaka 1902, na mabepari wakafuata reli. Ardhi ya bonde la mto Pangani ikagawanywa kuwa mashamba: Magunga, Ngombezi, Mwelya, Hale, Mazinde.

Ardhi walipata, watu hawakupata. Wasambaa, Wazigua na Wabondei walikuwa na mashamba yao, na waliona faida zaidi kuwauzia chakula watu wa kambini kuliko kukata mkonge. Mzigua wa Handeni alikwenda kwa mkoloni hasa mvua ilipokosekana. Kwa hiyo watu walitafutwa mbali: Waha, Warundi, Wanyamwezi, Wabena, Wamakonde. Waliandikishwa kwa mkataba, wakapewa namba, na ndiyo asili ya jina manamba. Kipande chao kilikuwa cha siku 30 za kazi, si za kalenda. Siku ya kuugua haikuhesabiwa, na ambaye hajajaza kipande hajapata mshahara.

Hapa tutazame tabia ya zao lenyewe, maana wengi huiruka. Mkonge hukatwa kwa mara ya kwanza baada ya miaka mitatu hivi. Hukatwa miaka kadhaa, kisha hutoa mlingoti na kufa. Kwa hiyo shamba lililopandwa wakati wa bei nzuri huja kukatwa wakati bei imekwisha geuka, na mwenye shamba anayeacha kupanda wakati wa bei mbaya haonekani kosa lake mpaka miaka mingi ipite. Mabepari walilijua jambo hilo vizuri kuliko manamba.

Bei iliamuliwa na matukio ambayo Korogwe haikuwa na sauti ndani yake. Mdororo wa uchumi wa dunia ulioanza 1929 uliporomosha bei, na mishahara ikakatwa. Mwaka 1942 Wajapani walipoteka Ufilipino na Java, Waingereza walikosa kamba za meli zao, wakautegemea mkonge wa Tanganyika. Mwaka 1944 wenye mashamba wakaunda ofisi yao ya pamoja ya kuandikisha vibarua, iliyojulikana kama SILABU. Vita vya Korea vilipoanza 1950 bei ilipaa, na kufikia 1953 ilikuwa imekwisha anguka. Kila ilipopanda, kambi ziliongezwa. Kila iliposhuka, watu waliachishwa, lakini si wote waliorudi kwao. Wengine walikuwa wameoa hapa na kuzikana hapa.

Mwaka 1964 Tanzania ilitoa tani zipatazo 230,000, kiasi ambacho haijakifikia tena. Kilele hicho kilikuwa pia ukingo wa korongo. Kamba za plastiki zilikuwa zimeingia sokoni, Brazili nayo ilikuwa ikiuza singa zake, na wenye mashamba wengi waliacha kupanda upya. Likaja Azimio la Arusha Februari 1967, na Oktoba mwaka huo sehemu kubwa ya mashamba ikawa mali ya umma. Uamuzi ulikuwa wa haki. Lakini lazima tuseme ukweli: umma ulichukua mashamba yaliyozeeka na korona zilizochoka, na haukuchukua soko, kwa kuwa soko lilibaki London na Hamburg. Kutaifisha njia za uzalishaji bila kuwa na nguvu juu ya bei ni nusu ya kazi. Nusu nyingine tuliiharibu wenyewe kwa uendeshaji mbovu, na si vema kumsingizia beberu kwa kila gugu lililoota Magunga.

Katika miaka ya 1990 uzalishaji wa nchi nzima ulishuka hadi karibu tani 20,000. Mwaka 1998 mashamba ya umma yaliyokuwa yamebaki yaliuzwa kwa kampuni binafsi.

Anguko hilo lililipwa na nani? Mwenye mtaji alikwisha hamisha mtaji wake. Msambaa alikuwa na mgunda wake mlimani. Mjukuu wa manamba hakuwa na kimoja kati ya hivyo. Alizaliwa kambini, katika nyumba ya shamba, juu ya ardhi ya shamba. Korona iliponyamaza alibaki kulima mahindi kati ya milingoti kama mvamizi, katika mahali ambapo babu yake alifyeka pori.

Tangu 1999 wakulima wadogo walianza kugawiwa vipande vya ardhi ndani ya Magoma, Mwelya, Ngombezi, Hale na Magunga, ili wapande mkonge wao. Ni hatua ya mbele. Hata hivyo korona haikuwa yao, na jani lililokatwa lisiposindikwa upesi huharibika. Mwenye korona ndiye aliyejua makato.