STERINGI HAFI – Sehemu ya 3: Siku kamera iliposimama upande wa pili

Mliokuwa mnauliza sehemu ya tatu iko wapi, nilikuwa zamu za usiku mfululizo. Tuendelee.

Baada ya sehemu ya pili, mama mmoja alinifuata inboksi: "Nesi, muvi za polisi si mchezo tu? Mtoto ataacha akikua." Sawa, mchezo. Wangu mwenyewe ana miaka sita, anatembea sebuleni na mwiko anatupiga risasi sote, na steringi, kama mjuavyo, hafi. Lakini angalieni kitu kimoja kwenye muvi hizo: kamera imesimama wapi. Iko nyuma ya bega la polisi. Tunaona anachoona yeye, tunaogopa anachoogopa yeye. Akimpiga mtu kofi ili aseme, tunashangilia, maana tumeshaonyeshwa kwamba yule ni mwizi.

Hili halikutokea kwa bahati. Mwaka 1951 Marekani walianza kuonyesha kwenye TV mchezo wa Dragnet. Mwenyewe, Jack Webb, alikuwa akipeleka maandishi yake polisi wa Los Angeles wayapitie kabla ya kurekodi. Mwaka 1989 kikaja kipindi cha COPS, hapo mpiga picha kapanda kabisa gari la polisi. Fikirieni mwandishi anayetembea kwa lifti ya mtu anayemwandika! Na sisi taarifa ya habari ya saa mbili usiku tunaonyeshwa vijana wamechuchumaa mbele ya mapanga. Wakiachiwa na mahakama, nani anarudi na kamera?

Sasa nije kwetu. Ukipanda basi Mbeya kwenda Iringa, ukishapita Makambako, kabla hujafika Mafinga, kuna Nyololo, wilaya ya Mufindi. Wengi tunapita tumelala.

Tarehe 2 Septemba 2012, CHADEMA walikuwa wanafungua tawi pale. Polisi walikuwa wamezuia shughuli za vyama kwa sababu ya Sensa. Kukawa na vurugu, mabomu ya machozi, watu wakakimbia. Daudi Mwangosi, mwandishi wa Channel Ten na mwenyekiti wa klabu ya waandishi wa habari Iringa, hakuwa anafungua tawi. Alikuwa kazini, kama mimi ninavyokuwa wodini. Askari walimzunguka, wakampiga. Ofisa mmoja wa polisi alimkumbatia akijaribu kumkinga. Kisha bomu la machozi likafyatuliwa tumboni kwake, karibu kabisa. Bomu lile limetengenezwa lirushwe mbali, moshi ndio ufanye kazi. Likipigwa mwilini kwa karibu linapasua. Sitaeleza zaidi, wengine mnasoma na watoto pembeni. Alifia palepale. Yule ofisa aliyemkinga naye aliumia.

Akazikwa kwao Rungwe. Iringa ikampoteza mwandishi, Mbeya ikazika mtoto wake.

Kwa kawaida jambo lingeishia hapo. "Uchunguzi unaendelea," basi. Ila wapiga picha wenzake walikuwepo. Kuna picha ambayo nchi nzima iliiona magazetini: mtu mmoja chini, mabuti na virungu vimemzunguka. Safari hii kamera haikuwa nyuma ya bega la polisi. Tume ya Haki za Binadamu na Utawala Bora ikasema polisi walivunja haki za binadamu. Askari mmoja kijana wa FFU akashtakiwa kwa mauaji, na Julai 2016, karibu miaka minne baadaye, Mahakama Kuu Iringa ikamtia hatiani kwa kuua bila kukusudia. Miaka 15 jela.

Mmoja. Kwenye picha wako wengi. Na waliotoa amri siku ile? Hakuna hata mmoja aliyepandishwa kizimbani.

Wazee wetu wanakumbuka nchi hii ilivyowahi kufanya tofauti. Mwaka 1976 huko Mwanza na Shinyanga watu walikamatwa kwenye operesheni ya kusaka wauaji, wakateswa, wengine wakafia mikononi mwa vyombo vya dola. Mwanzoni mwa 1977 Waziri wa Mambo ya Ndani alijiuzulu. Hakuwa amempiga mtu kwa mkono wake. Jina lake Ali Hassan Mwinyi, na miaka minane baadaye akawa Rais. Sisemi zamani palikuwa peponi, waliokufa walikufa. Nasema aibu ilipanda ngazi mpaka juu. Nyololo iliishia kwenye ngazi ya chini kabisa.

Mtaniuliza nesi na siasa wapi na wapi. Mtu aliyepigwa akija hospitali tunamuuliza PF3, na PF3 inatoka kituo cha polisi. Wa hali mbaya tunaanza naye, karatasi itafuata. Lakini aliyepigwa na polisi akaombe karatasi kwa nani? Nilishampokea kijana, mama yake kasema kaanguka na bodaboda. Mgongoni ana mistari miwili miwili myekundu, katikati peupe, kama reli. Wanaofanya kazi hii wanajua: ngozi ikigongwa na fimbo au kirungu ndivyo inavyochora. Bodaboda inachubua, haichori reli. Nikamtazama mama, akainamisha macho. Nikaandika nilichokiona. Sikumlazimisha kusema, na mpaka leo sijui kama nilifanya vema.

Mwanangu sijamkataza kuwa polisi. Majirani zangu wawili ni polisi, watu wema, mmoja ndiye alinikimbiza hospitali nilipopata uchungu usiku. Ila nimemsimulia habari ya Nyololo, kwa kupunguza, hasa ya yule aliyemkumbatia mwenzake. Akawaza, akaniuliza, "Mama, kwa nini wale wengine hawakumsaidia?"

Sikuwa na jibu. Nikamwambia ale kwanza.

Sehemu ya 4 ni kuhusu PF3: inaombwaje, na ufanye nini ukinyimwa. Naiweka Jumapili nikitoka zamu, maswali yenu yaacheni hapa chini.