Si Kila Tumbo ni Mimba Peke Yake

Juma hili twende Mamba, Mpimbwe, mkoani Katavi. Kutoka huko hadi Mpanda mjini ni zaidi ya kilomita 100, na njia hukatiza Hifadhi ya Katavi. Tumbo la mwanamke likianza kujaa, majirani husema ni mimba. Mara nyingi ni kweli. Lakini tumbo moja laweza kubeba mawili: mtoto, na uvimbe kwenye kifuko cha mayai ya uzazi. Mara chache uvimbe huo huwa saratani.

Kosa hili ni la zamani. Mwaka 1809, huko Kentucky, Marekani, Bibi Jane Todd Crawford alidhaniwa ana mimba ya mapacha iliyopitisha siku zake. Daktari Ephraim McDowell alimpima akakuta ni uvimbe. Mama yule alisafiri kwa farasi karibu kilomita 100, na siku ya Krismasi akapasuliwa bila dawa ya usingizi, kwani ilikuwa haijagunduliwa. Alitolewa uvimbe wa kilo 10, akaishi miaka 32 zaidi.

Kwetu Afrika Mashariki, Robert Felkin aliandika kwamba mwaka 1879, huko Bunyoro, alimwona mganga wa Kiafrika akimpasua mjamzito na kumtoa mtoto, baada ya kunawa kwa pombe ya ndizi. Mama na mtoto wote walipona. Basi wazo la kuokoa roho mbili si geni kwetu.

Kilichokosekana ni jicho la kuona ndani. Jicho hilo lilifika mwaka 1958, pale Ian Donald na wenzake wa Glasgow walipotangaza kipimo cha ultrasaundi. Mmoja wa wagonjwa wao alikuwa ameambiwa ana saratani ya tumbo isiyotibika. Kipimo kikaonyesha uvimbe wa maji kwenye kifuko cha mayai. Ukatolewa, akapona.

Leo bado nasikia watu wakisema mjamzito mwenye saratani hana budi kuchagua: yeye au mtoto. Mara nyingi sivyo. Kifuko cha mayai huitunza mimba majuma ya mwanzo tu, kisha kondo la nyuma hushika kazi hiyo. Kwa hiyo upasuaji ukiweza kungoja, hufanywa kuanzia mwezi wa nne. Dawa kali za saratani nazo hukwepwa miezi mitatu ya kwanza, viungo vya mtoto vinapoumbwa. Baadaye zaweza kutolewa, kisha zikasimamishwa majuma kama matatu kabla ya kujifungua. Mionzi ya tumboni ndiyo huepukwa. Ugonjwa ukiwa umeenea na mimba ni changa, hapo uamuzi huwa mgumu kweli, nao ni wa mama na madaktari wake.

Tunayo hospitali ya Ocean Road, iliyofunguliwa na Wajerumani mwaka 1897 na kufanywa taasisi ya saratani mwaka 1996. Lakini kutoka Mpanda hadi Dar es Salaam kwa reli ni zaidi ya kilomita 1,000, na uvimbe haungoji treni.

Ndiyo maana nasema tiba ya mama wa Mamba huanzia kliniki ya wajawazito, kwa kipimo cha mapema. Wewe wa mjini mwenye dada au shangazi kijijini, nauli ya kwenda kupimwa ni zawadi kubwa kuliko kanga ya arobaini.