Nani Kasema Paris Ndiyo Mji wa Mapenzi? Soma Hii Kabla Hamjakata Tiketi

Wiki haipiti bila staa wetu mmoja kuposti picha na mpenzi wake chini ya mnara wa Eiffel. Majina siweki, mnawajua wenyewe. Pozi ni lilelile miaka yote: dada kageuza mgongo, kamshika mkono mtu asiyeonekana sura, chini maneno mawili ya Kifaransa. Halafu huku mtaani watu wanaumwa. Kuna wadada wanamwambia jamaa "kama unanipenda nipeleke Paris", na kuna wanaume wanavunja kibubu na kukopa kikoba kwa ajili ya siku nne tu za kupiga picha.

Mimi sina shida na mtu kula bata. Hela yake, mapenzi yake. Ila nimekuwa nikisoma sana historia ya hii miji na kuna kitu kinanichekesha: karibu kila mji wa Ulaya unaoitwa mji wa wapenzi, kuna mtu aliukalia chini akautengeneza uitwe hivyo. Wengine majuzi tu, bibi zetu wakiwa hai.

Tuanzie kwetu kidogo. Watu wa pwani wana fungate, siku saba maharusi wanakaa ndani, chakula kinaletwa, somo yupo karibu, hakuna anayewasumbua. Kusafiri hakumo kabisa. Habari ya mume na mke kufunga mabegi baada ya harusi ni ya matajiri wa Uingereza wa miaka ya 1800, na hapo mwanzo walikuwa wanazunguka kusalimia ndugu ambao hawakufika harusini. Wakati mwingine waliongozana na ndugu wengine! Hebu fikiria honimuni na wifi.

Kilichobadilisha mambo ni treni. Tarehe 5 Julai 1841 jamaa mmoja anaitwa Thomas Cook alikodi treni akapeleka watu kama 500 kutoka Leicester hadi Loughborough, nauli shilingi moja. Walikuwa wanaenda kwenye mkutano wa kupinga pombe. Ndiyo, biashara ya utalii ilianza na watu waliokataa kulewa. Baadaye Cook akawa anapeleka watu Paris, Uswisi na Italia, na mtu wa kipato cha kawaida akaanza kuota vitu ambavyo zamani vilikuwa vya mabwana wakubwa. Kampuni yake ilikuja kufilisika Septemba 2019, lakini ndoto aliyoiuza bado ipo sokoni.

Sasa Paris. Zile barabara pana zenye majengo yanayofanana ambazo mnaziona kwenye picha hazikuota zenyewe. Kuanzia 1853 mtawala Napoleon III alimpa kazi bwana Haussmann, akabomoa mitaa ya zamani iliyobanana na kuipanga upya. Maelfu ya watu masikini walihamishwa. Sababu zilikuwa nyingi, maji safi, mitaro, hewa, na pia askari kupita kirahisi wananchi wakigoma. Mapenzi hayakuwemo kwenye ramani.

Na mnara? Ulijengwa kwa ajili ya maonyesho makubwa ya dunia ya 1889, kusherehekea miaka 100 ya mapinduzi ya Ufaransa. Mwaka 1887 wasanii na waandishi wakubwa wa Paris waliandika barua gazetini kuupinga, wakiuona ni chuma kibaya kitakachoharibu mji wao. Kibali chake kilikuwa cha miaka 20 tu, baada ya hapo ungebomolewa. Uliokolewa na redio, kwa sababu jeshi liliona unafaa kurushia mawimbi. Yaani kile ambacho leo watu wanakipigia magoti na pete mkononi kiliponea kwa sababu ni antena nzuri.

Lakini kuna jambo ambalo kwenye posti za mastaa huwezi kulikuta. Katika maonyesho hayohayo ya 1889, umbali mfupi kutoka kwenye mnara, Waafrika walioletwa kutoka makoloni ya Ufaransa kama Senegal waliwekwa kwenye vijiji vya kuigiza ili Wazungu wapite wakiwaangalia. Wanapika, wanasuka, wanalea watoto, huku watu wanapita kuwatazama. Watu milioni 32 walihudhuria maonyesho yale. Sisemi msiende. Nasema tu, ukisimama pale na mpenzi wako mweusi mwenzio mkitabasamu kwenye kamera, ujue watu wa rangi yenu walishatazamwa maeneo hayo kwa namna nyingine kabisa.

Ile picha maarufu ya wapenzi wanabusiana barabarani Paris, watu wanapita pembeni, mnaijua? Ilipigwa na Robert Doisneau mwaka 1950 kwa ajili ya jarida la Life. Kwa miaka mingi dunia iliamini ni wapenzi wawili walionaswa bila kujua. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 watu wakaanza kujitokeza wanadai ni wao, wakaenda hadi mahakamani, ndipo mpiga picha akasema ukweli: walikuwa vijana wawili wanaosomea uigizaji, aliwaomba wapozi. Kweli walikuwa wapenzi wakati ule, ila hawakudumu. Yule dada alikuwa na nakala ya picha yake, akaja kuiuza mnadani 2005 kwa zaidi ya euro 150,000. Huyo ndiye mtu pekee ninayemjua aliyepata faida kamili kwenye mapenzi ya Paris.

Makufuli ndiyo kichekesho. Wapenzi wanaandika majina kwenye kufuli, wanafunga darajani, ufunguo wanatupa mtoni. Wengi wanadhani ni mila ya karne na karne. Wapi! Kwa Roma ilipamba moto baada ya kitabu cha mapenzi cha Federico Moccia kutoka 2006 na filamu yake mwaka uliofuata. Huko kwenye daraja la Milvio nguzo ya taa iliinama kwa uzito. Paris ikaiga, na Juni 2014 kipande cha uzio wa daraja la Pont des Arts kikaanguka. Mwaka uliofuata jiji likang'oa yote, tani 45. Baadhi yakapigwa mnada 2017, hela zikaenda kwa mashirika yanayosaidia wahamiaji na wakimbizi. Hapo ndipo ahadi zenu za milele zilipoishia, na kusema kweli zilifanya kazi nzuri kuliko zilipokuwa darajani.

Verona nitapita haraka. Kuna nyumba inaitwa ya Juliet, yule wa Romeo. Juliet hakuwahi kuishi, ni mtu wa hadithi. Shakespeare aliichukua kwenye hadithi za Kiitaliano zilizokuwepo kabla yake. Nyumba ni ya zamani kweli, jiji liliinunua 1905, ila ile roshani ambayo watu wanapanga foleni kupiga picha iliwekwa kwenye matengenezo ya mwishoni mwa miaka ya 1930, baada ya filamu ya Hollywood kutamba. Sanamu ya Juliet pale uani imeshikwashikwa kifuani na watalii wanaotafuta bahati mpaka ikachakaa, ikabidi 2014 waweke nyingine. Sina la kuongeza.

Venice ni nzuri, siwezi kusema uongo. Ila ilikuwa dola ya wafanyabiashara na mabaharia, na Napoleon alipoimaliza mwaka 1797 ikabaki mji mtupu wenye majumba ya kifahari yanayooza. Daraja la reli lilipofika 1846 watalii wakaanza kumiminika kuutazama uzuri wa huzuni ule. Kuna daraja linaitwa la Kushusha Pumzi, wapenzi wanaambiwa wakibusiana chini yake jua likizama watapendana milele. Hiyo hadithi imesambazwa na filamu ya 1979. Daraja lenyewe lilijengwa mwanzoni mwa miaka ya 1600 kuunganisha ikulu na gereza, na inasemekana kuvuta pumzi huko kulikuwa kwa wafungwa wanaotazama bahari mara ya mwisho. Kupanda mtumbwi wao wa gondola mchana ni euro 90 kwa nusu saa, bei ya jiji hiyo. Tangu Aprili 2024 kuna siku ambazo mtu anayeingia na kutoka siku hiyohiyo analipishwa kiingilio, kama vile uwanja wa mpira. Wenyeji wa mji wa kale walikuwa karibu 175,000 mwaka 1951, leo hawafiki 50,000. Utabusiana, ndiyo, ila katikati ya watalii wenzio.

Basi twende wapi? Mimi nikiulizwa na wawili wenye siku nne na bajeti ya kuhesabu, nawaambia Lisbon. Na sababu yangu kubwa siyo kwamba mara nyingi bei zake zinavumilika kuliko za Paris. Ni kwamba huko kuna vitu vyetu.

Mwaka 1502 Vasco da Gama alitia nanga Kilwa na meli zenye mizinga. Kilwa wakati huo ilikuwa na jina, dhahabu ya Sofala ilipita mikononi mwa wafanyabiashara wake, nyumba za mawe, msikiti mkubwa. Alimtisha mtawala Amir Ibrahim mpaka akakubali kulipa kodi ya dhahabu kwa mfalme wa Ureno. Miaka mitatu baadaye, 1505, Francisco de Almeida akaja na jeshi, wakapora Kilwa, kisha wakachoma Mombasa. Haya tuliyasoma shuleni tukayajibia mtihani tukasahau.

Ambacho shuleni hatukuambiwa ni dhahabu ile iko wapi. Ipo. Mfalme Manuel I aliagiza itengenezwe chombo cha ibada, kazi ya sonara Gil Vicente, ikakamilika 1506. Wareno wanakiita Custódia de Belém. Kipo kwenye makumbusho ya taifa ya sanaa ya kale Lisbon, ndani ya kioo, kimepambwa rangi, na mitume 12 wadogo wa dhahabu wamepiga magoti. Waulize wenyewe dhahabu ilitoka wapi, hawafichi: Quíloa. Ndivyo walivyoliandika jina la Kilwa.

Unaweza kusema hilo siyo la kwenda kuangalia na mpenzi, linaharibu mudi. Mimi naona kinyume. Watu wawili wakisimama mbele ya kitu kilichotoka kwao, kikakaa miaka zaidi ya 500 ugenini, watakuwa na cha kuongea mpaka usiku. Pale Eiffel mtaongea nini zaidi ya "piga tena, nimefumba macho"?

Kaburi la Vasco da Gama mwenyewe lipo mtaa wa Belém, ndani ya kanisa la monasteri ya Jerónimos, iliyojengwa kuanzia mwanzoni mwa miaka ya 1500 kwa sehemu kubwa na kodi ya biashara ya viungo. Ukitoka hapo kuna vitobosha vya maziwa na mayai vinavyouzwa tangu 1837, kula viwili, punguza hasira.

Na lugha! Kaeni mgahawani msikilize. Meza ni mesa. Bendera ni bandeira. Mvinyo ni vinho. Leso ni lenço. Gereza letu limetoka kwenye igreja, maana yake kanisa, sasa jiulize wenyewe ilikuwaje kanisa likageuka gereza kwenye masikio ya watu wa pwani. Mtacheka, halafu mtanyamaza.

Raha zenyewe nyingi ni za bure. Mji umekaa kwenye vilima, na kila kilima kina kibaraza cha kutazamia mto na mapaa mekundu, wanaviita miradouro. Jioni watu wanakaa tu, hakuna kiingilio. Mtaa wa Alfama ulinusurika kwa kiasi kikubwa kwenye tetemeko la Novemba 1, 1755 lililouangusha mji, ndiyo maana vichochoro vyake vinapindapinda kama Mji Mkongwe. Huko kuna fado, nyimbo za majonzi na kutamani, na zikiimbwa watu wote kimya, hata uma hausikiki. Anayependa taarabu ya zamani ataelewa bila tafsiri.

Sasa la hela, maana wengi mnaumia hapa. Ufaransa, Italia na Ureno zote zipo ndani ya Schengen, viza ni moja. Tangu Juni 2024 ada ni euro 90 kwa mtu mzima, wakikunyima hairudi. Bima ya safari lazima iwe ya angalau euro 30,000. Na kila mmoja anaombewa kivyake: mnaweza kwenda dirishani wawili, akapewa mmoja. Hilo limevunja uhusiano mwingi kuliko michepuko. Kwa hiyo wekeni nafasi za hoteli na ndege zinazoweza kufutwa, na ongeeni mapema, mkiwa bado mnacheka, kwamba mmoja akikosa mwingine anaenda au anabaki.

Makumbusho yenye ile dhahabu yapo mtaa wa Janelas Verdes, na Jumatatu hufungwa. Angalieni ratiba kwanza, msije mkafika Jumapili usiku na ndege yenu ikawa Jumanne alfajiri.