Ng'ombe Azaaye kwa Shida

Katika nchi ya Wazaramo, tangu Kisarawe hata Kibaha, ng'ombe walikuwa haba siku za kale, kwa sababu ya mbung'o wa misituni. Kisha katika miaka ya 1890 sotoka iliua ng'ombe wengi mno katika Afrika ya Mashariki. Basi wazee wetu hawakuturithisha elimu ya kuzalisha ng'ombe kama waliyo nayo Wagogo na Wamasai. Mwaka 1963 kilianzishwa Kibaha kituo kilichojengwa kwa msaada wa nchi za Ulaya ya Kaskazini, chenye chuo cha wakulima. Nacho kilikabidhiwa kwa Tanzania mwaka 1970.

Elimu hiyo huanza na neno hili: hofu ni adui. Ng'ombe akizungukwa na makelele na mbwa, mwili wake hujiweka tayari kukimbia. Tumbo la uzazi hulegea, uchungu husimama, na ndama huweza kufa ndani. Kwa hiyo na tumweke kivulini, tuwaondoe watazamaji, abaki yule amzoeaye. Ndama aliye sawa hutanguliza kwato mbili za mbele, na pua juu yake. Tukiona mkia, au mguu mmoja tu, au chupa imepasuka na kazi haiendelei, tumwite bwana mifugo upesi. Asaidiaye anawe kwa sabuni, apake mafuta, avute mama asukumapo tu.

Mwenye ng'ombe wawili akipoteza mmoja, nusu ya mali yake imekwenda, pamoja na maziwa ya watoto. Haraka haraka haina baraka, hata zizini.