Upasuaji wa uvimbe usio wa saratani wa korodani kwa watoto

Upasuaji wa uvimbe usio wa saratani wa korodani kwa watoto ni tiba ya kuondoa uvimbe kwenye korodani ya mtoto ambaye hajabalehe, huku sehemu nzima ya korodani ikibakizwa. Zamani korodani yote iliondolewa kwa hofu ya saratani.

== Aina ==
Uvimbe wa korodani ni nadra kwa watoto. Kabla ya kubalehe mara nyingi si saratani, tofauti na kwa vijana na watu wazima. Unaopatikana zaidi kati ya usio wa saratani ni teratoma. Aina nyingine ni:
* sisti ya epidemoidi
* uvimbe wa seli za Leydig, unaoweza kumbalehesha mtoto mapema mno
* uvimbe wa seli za Sertoli
* uvimbe wa seli za granulosa, unaoonekana hasa katika miezi 6 ya kwanza

== Uchunguzi ==
Dalili kuu ni uvimbe mgumu usiouma. Huweza kudhaniwa kuwa busha au ngiri. Busha hupitisha mwanga wa tochi, lakini linaweza kuambatana na uvimbe, hivyo kipimo cha ultrasaundi kinahitajika. Damu hupimwa protini ya AFP, ambayo huongezeka katika saratani ya kifuko cha kiini. Kwa mtoto wa chini ya mwaka 1 AFP huwa juu hata akiwa mzima, kwa hiyo jibu husomwa kulingana na umri.

== Upasuaji ==
Mtoto hupewa dawa ya usingizi. Daktari hupasua kinenani, si kwenye mfuko wa korodani, ili seli za saratani, kama zipo, zisisambae. Kamba yenye mishipa ya damu hubanwa kwa muda, kisha uvimbe huondolewa. Kipande chake hugandishwa na kutazamwa kwa hadubini papo hapo. Kisipokuwa na saratani, korodani hushonwa na kurudishwa. Kikiwa nayo, korodani yote huondolewa. Baadaye mtoto hufuatiliwa kwa ultrasaundi.

== Nchini Tanzania ==
Mzazi anayeishi Kihonda, kata ya Manispaa ya Morogoro, anaweza kuanzia kwenye zahanati au kituo cha afya. Kutoka hapo mtoto hupewa rufaa kwenda Hospitali ya Rufaa ya Mkoa wa Morogoro, na akihitaji daktari bingwa wa upasuaji wa watoto, kwenda Hospitali ya Taifa ya Muhimbili, Dar es Salaam. Kwa sera ya afya, watoto wa chini ya miaka 5 husamehewa malipo katika vituo vya umma.

Korodani inayouma ghafla ni dharura, kwa kuwa huenda imejisokota. Mtoto apelekwe hospitali mara moja. Korodani iliyokosa damu kwa saa nyingi huweza kufa.