Watazamaji walipomtaka jambazi alipize kisasi

ISIOLO

MWANAMKE amebakwa akitoka kazini jioni. Amefikishwa hospitalini, amepimwa, ameandikisha taarifa, na mshukiwa amekamatwa. Kisha polisi wanakosea utaratibu wa kuhifadhi ushahidi na mshukiwa anaachiliwa huru. Siku chache baadaye mwanamke huyo anaingia katika mkahawa kununua chakula na kukumbana na picha ya mtu yule yule ikiwa imetundikwa ukutani. Mwajiri wake amemtunuku kuwa mfanyakazi bora wa mwezi.

Mkazi wa Isiolo akisimuliwa kisa hiki hatahitaji kufafanuliwa jinsi faili inavyoweza kupotea au shahidi anavyoweza kuchoka kungoja. Hata hivyo, hiki hakikutokea Isiolo wala mahali pengine popote. Ni kisa cha kubuni kutoka Marekani, kilichoonyeshwa Machi 18, 2001, katika msimu wa tatu wa tamthilia ya mafia iitwayo The Sopranos. Kipindi hicho kiliitwa Employee of the Month, yaani mfanyakazi bora wa mwezi, na kiliandikwa na Robin Green na Mitchell Burgess. Miaka mingi baadaye, wapenzi wa tamthilia hiyo bado wanakijadili kuliko vipindi vingine vingi vilivyojaa risasi na maiti.

Anayebakwa ni Dkt Jennifer Melfi, daktari wa magonjwa ya akili anayeigizwa na Lorraine Bracco. Mmoja wa wagonjwa wake ni Tony Soprano, kiongozi wa genge la mafia katika jimbo la New Jersey, ambaye aliigizwa na marehemu James Gandolfini. Tony humtembelea ofisini mwake kila wiki kuzungumzia mamake, ndoto zake na kuzirai kwake. Ni mtu aliyeua kwa mikono yake mwenyewe na anayeweza kuagiza kifo cha mwingine kwa neno moja tu.

Hapo ndipo fumbo la kipindi lilipo. Daktari ambaye sheria imemwangusha anaketi kila wiki ana kwa ana na mtu ambaye angeimaliza shida yake kabla ya jua kutua. Hahitaji kulipa wala kuomba. Anachohitaji ni kutamka jina la mbakaji.

Waandishi hawakumfichia mtazamaji kishawishi hicho. Melfi anaota akiwa ametia mkono ndani ya mashine ya kuuzia vinywaji, mkono ukanaswa, na mbakaji akamrudia. Mbwa mkubwa aina ya Rottweiler anajitokeza na kumrarua mbakaji. Anapomsimulia ndoto hiyo daktari mwenzake, Melfi anatambua katikati ya maneno kwamba mbwa yule ni Tony. Anakiri kwamba alipata faraja kujua kuwa anaweza kumfanya mtu huyo apondwe kama mdudu. Lakini anaongeza kuwa hatavunja mapatano yanayowaunganisha watu katika jamii.

Katika tukio la mwisho Tony yumo ofisini. Awali alikuwa ameambiwa kwamba jeraha la goti la daktari lilitokana na ajali ya gari. Melfi anaanza kulia. Tony anainuka, anamfariji, kisha anamuuliza iwapo ana jambo analotaka kumwambia. Kimya kinatanda. Melfi anamtazama na kujibu kwamba hana. Skrini inakuwa nyeusi na kipindi kinaishia hapo.

Watazamaji wengi hawakuamini kwamba hayo ndiyo yote. Walisubiri wiki iliyofuata, na nyingine baada ya hiyo, wakitarajia kwamba Tony angepata fununu kwa njia moja au nyingine na mbakaji angepatikana shimoni. Msimu wa tatu ulimalizika. Tamthilia ikaendelea hadi Juni 10, 2007, ilipofikisha vipindi 86, na Tony hakuambiwa kamwe. Mbakaji hakuadhibiwa na mtu yeyote, si mahakama wala mafia.

Malalamiko hayo yalikuwa na uzito wake. Kuna waliohisi wamepunjwa kama wasomaji wa hadithi, kwa vile jambo lililoanzishwa halikukamilishwa. Hao hao walilalamika tena Mei mwaka huo huo, mwanajeshi wa zamani wa Urusi alipotoweka msituni katika kipindi cha Pine Barrens na asijulikane alikoenda. Lakini hasira iliyotokana na kisa cha Melfi ilikuwa ya aina nyingine. Kuhusu Mrusi, watu walitaka kujua. Kuhusu mbakaji, walitaka damu.

Muundaji wa tamthilia hiyo, David Chase, aliulizwa mara kwa mara kwa nini aliwanyima. Maelezo yake yalikuwa kwamba watu waliolelewa na filamu za Hollywood wamezoea kila deni la dhambi lilipwe kabla ya taa kuwashwa, ilhali dunia haiendi hivyo. Kwake yeye, hadithi ilikuwa imekamilika: mwanamke aliyeumizwa alifanya uamuzi wa kimaadili na kuusimamia. Aliyebaki akisubiri kumwona Tony akimpondaponda mtu alipaswa kujiuliza ni kitu gani hasa kinachomketisha mbele ya runinga.

Jibu hilo ni kali, na pengine lina kiburi kidogo. Chase mwenyewe ndiye aliyewafunza watazamaji kumpenda Tony. Mnamo Februari 1999, katika kipindi cha tano cha msimu wa kwanza, Tony alimnyonga msaliti wa genge kwa waya wakati akimzungusha bintiye kutafuta chuo kikuu. Wakuu wa kituo cha HBO walihofia kwamba umma ungemchukia tangu siku hiyo. Haikuwa hivyo. Watazamaji walibaki naye, wakacheka naye, wakamhurumia alipogombana na mamake. Baada ya miaka miwili ya mafunzo hayo, si ajabu kwamba walipoona unyama mkubwa ukitendeka, yeye ndiye aliyekuwa wa kwanza kuwajia akilini. Haikuwajia kwamba Melfi angekata rufaa au kumshtaki afisa aliyevuruga ushahidi.

Wapo pia waliochukizwa na kuonyeshwa kwa tendo lenyewe. Kamera haikugeuzwa pembeni, na sauti ya mwathiriwa inasikika kwa muda mrefu ngazini mwa jengo la kuegesha magari. Majuma mawili baadaye, Aprili 1, 2001, kipindi cha University kilionyesha msichana mnenguaji akipigwa hadi kufa nje ya klabu ya Tony, na shutuma kwamba tamthilia inachuma kutokana na mateso ya wanawake zikapamba moto. Shutuma hizo hazikuwa za bure. Melfi mwenyewe hakupewa nafasi kubwa ya kuuguza jeraha lake katika vipindi vilivyofuata, na asiyekiona kipindi hiki kimoja anaweza kuutazama mwisho wa tamthilia bila kujua kwamba daktari huyo aliwahi kubakwa.

Wataalamu wa runinga walikuwa na hukumu yao. Mnamo Novemba 2001, Green na Burgess walitwaa tuzo ya Emmy ya uandishi bora wa tamthilia kwa kipindi hicho.

Ingekuwa rahisi kuyaacha mambo hayo huko Marekani. Lakini swali ambalo Tony alimuuliza daktari, iwapo ana la kusema, huulizwa pia kaskazini mwa Kenya, na wanaouliza si majambazi. Ni wazee wenye heshima zao.

Katika Isiolo na kaunti jirani za kaskazini, mashauri mengi, yakiwemo ya ubakaji na unajisi, yamekuwa yakimalizwa kwa njia iitwayo maslaha. Wazee wa pande mbili huketi, hukubaliana fidia ya mifugo au pesa, na shauri hufungwa. Utaratibu huu haukuzuka kwa ubaya. Kwa miongo mingi serikali ilikuwa mbali, lami ikikomea mjini Isiolo na barabara ya kuelekea Marsabit na Moyale ikiwa ya vumbi na hatari. Wazee ndio waliozuia mauaji ya kulipizana. Azimio la Modogashe la 2001, mwaka ule ule wa kipindi cha Melfi, liliweka fidia ya ng'ombe au ngamia 100 kwa uhai wa mwanamume na 50 kwa uhai wa mwanamke, nia ikiwa kukomesha vita vya mifugo miongoni mwa jamii za eneo hili.

Viwango hivyo vyenyewe vinaonyesha kasoro. Tena katika shauri la ubakaji, anayelipwa aghalabu ni familia, na aliyeumizwa hana kiti kikaoni. Sheria ya Makosa ya Kingono ya 2006, ambayo mswada wake uliwasilishwa bungeni na Bi Njoki Ndung'u, haitambui mapatano ya namna hiyo. Inaweka kifungo kisichopungua miaka 10 kwa mbakaji, na kifungu chake cha 40 kinakabidhi uamuzi wa kusitisha uchunguzi au mashtaka kwa mwanasheria mkuu wa serikali, si kwa afisa wa kituo wala baraza la wazee. Lakini sheria hiyo ilikuwa na mwiba: kifungu cha 38 kilitishia kumwadhibu mlalamishi ambaye madai yake yangeonekana kuwa ya uongo kwa adhabu ile ile ya kosa lenyewe. Kifungu hicho kilifutwa mwaka wa 2012. Kabla ya hapo, mwanamke aliyefikiria kwenda polisi alikuwa na sababu ya ziada ya kunyamaza.

Mtu anayesafiri kutoka Isiolo kuelekea kaskazini hufika Archers Post, ng'ambo ya mto Ewaso Ng'iro katika kaunti ya Samburu, na hapo karibu kipo kijiji cha Umoja. Kilianzishwa mwaka wa 1990 na Bi Rebecca Lolosoli pamoja na wanawake wenzake, baadhi yao wakiwa wamefukuzwa na waume zao baada ya kusema kwamba wamebakwa na wanajeshi wa Uingereza waliokuwa wakifanya mazoezi eneo hilo. Wanaume hawaruhusiwi kuishi humo. Mamia ya madai ya ubakaji dhidi ya wanajeshi hao yalichunguzwa na polisi wa jeshi la Uingereza kuanzia 2003, na mwishoni mwa 2006 uchunguzi ukafungwa bila yeyote kushtakiwa. Wanawake wa Umoja walijenga nyumba, wakauza shanga na kusomesha watoto.

Jibu lililo karibu zaidi na uamuzi wa Melfi lilitoka kusini mwa Isiolo, mwendo wa kilomita 50 hivi. Mnamo Oktoba 2012, wasichana 11 waliokuwa wamenajisiwa waliwasilisha kesi katika Mahakama Kuu ya Meru pamoja na shirika la Ripples International, lililokuwa likiwapa hifadhi. Hawakumshtaki aliyewanajisi. Walimshtaki kamishna wa polisi. Hoja yao ilikuwa kwamba walipiga ripoti na polisi hawakuchunguza ipasavyo, na kwamba uzembe huo ulivunja haki zao chini ya Katiba ya 2010. Kesi hiyo ilikuja kujulikana kama ya wasichana 160, kutokana na idadi ya waliokuwa wamepitia hifadhi hiyo.

Jaji J. A. Makau alitoa uamuzi Mei 27, 2013. Alikubaliana nao kwamba kutowajibika kwa polisi kumewafanya wanajisi waamini hawatafikiwa na mkono wa sheria, na kwamba kwa sababu hiyo dola ilichangia madhara yaliyowapata watoto hao. Aliwaagiza polisi wafanye uchunguzi wa haraka, wa kina na wa kitaalamu katika malalamishi hayo.

Hili ni jambo ambalo waandishi wa New Jersey hawakumpa Melfi. Mhusika wao alikataa mbwa, lakini hakurudi kituoni kumuuliza afisa ushahidi ulipotelea wapi. Ghadhabu yake iliishia kwa mumewe, mwanawe na daktari mwenzake. Labda ndiyo maana watazamaji walibaki na kiu. Walionyeshwa milango miwili tu, mmoja wa Tony na mwingine wa kimya, na wengi wakauchagua wa Tony kwa kuwa angalau ulikuwa na mtu ndani. Miaka sita baadaye, katika kipindi cha mwisho lakini kimoja, Melfi alimfungia Tony mlango wa ofisi yake moja kwa moja, baada ya kusoma kwamba tiba ya mazungumzo huwanoa wahalifu sugu badala ya kuwaponya. Hata siku hiyo hakumwambia.

Anayepatwa na unyama huo leo Isiolo hushauriwa afike hospitalini kabla ya saa 72 kupita, asioge wala kufua nguo alizovaa, na ahakikishe amejaziwa fomu ya hospitali ya waathiriwa wa ubakaji pamoja na fomu ya P3 ya polisi. Nambari ya simu ya 1195 hupokea taarifa za dhuluma za kijinsia bila malipo.

Kuhusu wasichana wa Meru, majina yao hayamo katika kumbukumbu za mahakama. Kesi imeandikwa kwa herufi mbili za mlalamishi wa kwanza, C.K., mtoto, na wenzake, dhidi ya kamishna wa polisi.