Tarakimu Tatu za Kuomba Msaada

Zamani, msomaji wangu, mtu aliyefikwa na hatari alipiga yowe. Nyumba iliposhika moto, au mtoto alipotumbukia kisimani, sauti ya kwanza kusikika ilikuwa ya kinywa, na ya pili ilikuwa ya ngoma au ya pembe. Wahenga walisema kuwa mbiu ya mgambo ikilia kuna jambo. Walakini mbiu ilifahamika kwa wenyeji wake tu. Mgeni aliyelala kijijini usiku mmoja hakuweza kupambanua ngoma ya msiba na ngoma ya harusi.

Leo mbiu yetu ni simu, nasi twaichukua mfukoni. Ungedhani kuwa taabu ya yule mgeni imekwisha, lakini sivyo. Katika Kenya mtu aliye hatarini hupiga 999. Katika Australia hupiga 000. Katika Marekani 911. Katika New Zealand 111. Na katika Japani 110 akimtaka polisi, au 119 akitaka zimamoto. Je, tofauti hii ilitoka wapi? Usidhani kuwa wakubwa wa kila nchi walijichagulia tarakimu kwa kupenda tu, kama mtu achaguavyo rangi ya kanzu. Kila nambari ina nasaba yake, na ukiifuata nasaba hiyo utafika ama kwenye moto ulioua watu, ama kwenye chuma cha mtambo wa zamani, na pengine kwenye vyote viwili.

Na tuanze London. Siku zile, mtu aliyetaka zimamoto alimwita kwanza mtumishi wa kituo cha simu, akangoja kuitikiwa kama mtu mwingine yeyote. Mtumishi aliyeketi mbele ya ubao wake hakuwa na njia ya kujua kuwa mwito huu ni wa mtu anayeunguliwa na nyumba, na ule ni wa mtu anayeulizia bei ya nyama. Tarehe 10 Novemba 1935, nyumba moja katika mtaa wa Wimpole Street iliwaka moto. Jirani aliyeuona alishika simu ili aite zimamoto, akajikuta amewekwa kwenye foleni. Wanawake watano walikufa katika nyumba ile. Yule jirani alijawa na uchungu, akaandika barua kwa mhariri wa gazeti la The Times kueleza yaliyompata. Serikali ilifanya uchunguzi, na tarehe 30 Juni 1937 watu wa London wakapewa nambari 999, moja kwa polisi, kwa zimamoto na kwa gari la wagonjwa. Kila ilipopigwa, honi ililia na taa nyekundu iliwaka katika kituo cha simu, ili mtumishi aache mengine yote na kuitikia.

Lakini kwa nini 9, wala si 1 au 5? Hapa hatuna budi kuitazama simu ya zamani. Haikuwa na vitufe. Ilikuwa na kisahani cha duara chenye matundu kumi, na mtu alitia kidole katika tundu, akakizungusha mpaka kwenye kizuizi, kisha akakiachilia kirudi chenyewe. Katika kurudi kwake, kisahani kilikatakata umeme wa waya: tarakimu 1 ilitoa mpigo mmoja, 2 mipigo miwili, na hivyo hivyo mpaka 9 iliyotoa mipigo tisa, na 0 iliyotoa kumi. Basi 111 haikufaa, kwa sababu waya mbili zilizogusana kwa upepo zaweza kutoa mpigo mmoja mmoja, na zimamoto wangalitoka mbio kumbe aliyewaita ni upepo. Nayo 000 haikufaa, maana 0 ya kwanza tu ilikwisha kumfikisha mtu kwa mtumishi wa kawaida. Zaidi ya hayo, simu za barabarani zilitaka sarafu, isipokuwa kwa mwenye kupiga 0, na mafundi waliona kuwa ni kazi ndogo kuzirekebisha ziruhusu 9 pia bila malipo. Tena tundu la 9 lilikuwa jirani ya tundu la 0 karibu na kizuizi, na mtu aliye gizani au ndani ya moshi aliweza kulitafuta kwa kupapasa. Wazia basi jinsi nambari hii ilivyofikiriwa: ilitengenezewa maskini asiye na sarafu, na asiyeona kwa moshi.

Sasa twende New Zealand, uone jambo la ajabu. Huko mwaka 1947, moto uliunguza duka kubwa la Ballantyne katika mji wa Christchurch, wakafa watu 41. Mwaka 1958 nambari ya msaada ilianza kutumika katika mji wa Masterton na jirani yake Carterton, nayo ilikuwa 111. Utauliza: hawakujua kuwa Waingereza waliikataa nambari hiyo? Walijua sana. Lakini visahani vya simu za New Zealand vilipangwa kinyume: palipo 9 kwa Waingereza, wao waliweka 1. Kwa hiyo mtu wa Masterton aliyepiga 111 alipeleka katika waya mipigo tisa mara tatu, ileile apelekayo mtu wa London apigapo 999. Mitambo yao iliyotoka Uingereza haikuona tofauti hata chembe. Nambari mbili zisizofanana katika karatasi zilikuwa sauti moja ndani ya waya.

Japani nayo ilijifunza kwa njia yake. Mwaka 1926 nambari ya zimamoto ilikuwa 112, iliyochaguliwa kwa kuwa ni ya haraka kuzungusha. Haraka haraka haina baraka: watu wengi walikosea, na mwaka uliofuata ikageuzwa kuwa 119. Katika Australia, 0 ndiyo tarakimu iliyompeleka mtu wa mashamba ya mbali kwenye kituo kikubwa cha simu, na mwaka 1961 nambari 000 ikaanza kutumika.

Wamarekani walikawia. Kila mji ulikuwa na nambari yake ndefu ya polisi na nyingine ndefu ya zimamoto, na aliyevuka mpaka wa mji wake akawa kama yule mgeni wa ngoma. Mwaka 1967, tume iliyowekwa na Rais ilishauri kuwa iwepo nambari moja. Januari 1968 kampuni kubwa ya simu, AT&T, ilitangaza kuwa itakuwa 911, na tarehe 16 Februari mwaka huohuo mwito wa kwanza ulipigwa katika mji mdogo wa Haleyville, katika jimbo la Alabama. Aliyeutengeneza hakuwa AT&T, bali ni kampuni ndogo ya simu ya hukohuko Alabama, iliyofanya bidii ikalitangulia lile jitu kubwa.

Visahani vimekwisha sasa, na sababu zilizozaa nambari hizi zimekwisha pamoja navyo. Mbona basi hazikuunganishwa? Kwa sababu nambari hii haikai katika mtambo tu, hukaa katika kumbukumbu za watu. Ukimwondolea bibi kizee nambari aliyoizoea miaka hamsini, utakuwa umemwibia mbiu yake. Kwa hiyo wenye busara waliongeza, hawakufuta. Mwaka 1991 nchi za Jumuiya ya Ulaya zilikubaliana kuwa 112 itumike kwao zote, bila kuzuia nambari za kale. Waliobuni simu za mkononi nao waliifanya simu iitambue 112 kuwa ni mwito wa hatari, na kuupeleka kwa watoa msaada wa nchi ilimo.

Na kwetu je? Kenya, kama Uganda, hutumia 999 ya Waingereza, na siku hizi 112 na 911 zimeongezwa. Jirani zetu wa Tanzania hupiga 112 kwa polisi na 114 kwa zimamoto. Lakini historia yetu ina fundisho ambalo London haina. Nambari 999 ya polisi wetu ilinyamaza miaka 15, hata ikarudishwa mwaka 2013. Katika miaka hiyo tarakimu zenyewe hazikupotea. Watu walizijua, watoto walizisoma. Kilichokosekana ni mtu wa kuitikia upande wa pili.

Hapo, msomaji wangu, ndipo penye kiini cha habari hii. Nambari ya msaada si tarakimu, ni ahadi. Taifa humwambia kila mtu, tajiri na maskini, kwamba ukilia tutakusikia. Ahadi hiyo hudai kitu kwa serikali, yaani watu, magari na mitambo iliyo tayari usiku na mchana. Nawe pia inakudai. Ijue nambari ya mahali unapokaa kabla ya siku ya haja, maana ajali haina kinga. Ukipiga, taja kwanza mahali ulipo, kwa kuwa waweza kukatika usemi kabla hujamaliza. Wala usiipige kwa mzaha asilani. Kumbuka yule jirani wa Wimpole Street, ameshika simu, macho yake yakiutazama moto, naye anangoja zamu. Kila mwito wa mzaha humrudisha mtu mmoja kwenye foleni ile.